Barua pepe ya kuomba likizo: andika ili ijibiwe mara moja

Msimamizi anayefungua ombi la likizo hutafuta mambo manne: aina ya likizo, tarehe, idadi ya siku na nani atashika kazi. Likikosekana hata moja inabidi aulize, na ombi lililoanza kuulizwa maswali hulala kikashani huku wenzako wakijiandikia wiki ileile uliyoitaka.

Makosa mengi yako kwenye tarehe. Mtu huandika: “Naomba likizo kuanzia tarehe 8 hadi 22 Juni.” Je, hiyo tarehe 22 yuko likizo au kazini? Mwombaji amekusudia kurudi siku hiyo, msimamizi anasoma kwamba bado hayupo, na ofisi ya rasilimali watu inamkata siku 11 badala ya 10. Taja siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho na siku ya kuripoti kazini, kila moja na jina lake la siku. Jina la siku hufichua kosa: ukiandika “Jumatatu tarehe 9” wakati Jumatatu ni tarehe 8, msomaji atashtuka na kuuliza, ila “tarehe 9” tupu hupita kimya. Mwezi nao uandike kwa herufi, kwa sababu 08/06 kuna wanaoisoma kuwa Juni na wanaoisoma kuwa Agosti.

Halafu hesabu siku mwenyewe. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki inayofuata ni siku 12 za kalenda, lakini ni siku 10 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na 11 kwa anayeingia pia Jumamosi. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unaweka kiwango cha chini cha likizo ya mwaka kuwa wiki tatu za kazi na hauhesabu sikukuu za umma ndani yake. Hata hivyo, mkataba huo huzifunga nchi zilizouridhia tu, na hesabu ya kila mahali pa kazi hufuata sheria ya nchi na mkataba wa ajira. Soma kifungu chako kabla ya kuandika namba.

Mkataba huohuo unasema wakati wa kwenda likizo, usipokuwa umepangwa kwa njia nyingine, huamuliwa na mwajiri baada ya kushauriana na mfanyakazi. Yaani likizo ni haki yako, ila tarehe ni mazungumzo. Ndiyo maana “naomba” inafaa kuliko “napenda kukujulisha kuwa sitakuwepo”, na ndiyo maana si busara kukata tiketi kabla ya kujibiwa. Kupiga magoti nako hakuhitajiki. Aya nzima ya kuomba radhi humfanya msomaji ajiulize kuna nini.

Sababu? Kwa likizo ya mwaka, mara nyingi haihitajiki. Kwa ugonjwa, sema unaumwa na unatarajia kurudi lini, kisha ambatisha cheti cha daktari kama utaratibu unadai. Jina la ugonjwa si lazima liwe kwenye barua pepe inayoweza kupelekwa kwa watu watano. Kwa msiba au dharura, mistari miwili inatosha.

Mfano:

Mada: Ombi la likizo ya mwaka, 8–19 Juni (siku 10 za kazi)

Ndugu Msimamizi,

Naomba likizo ya mwaka ya siku 10 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 8 Juni hadi Ijumaa tarehe 19 Juni. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 22 Juni.

Ripoti ya mwezi Mei nitaikabidhi Alhamisi tarehe 4 Juni. Malipo ya wazabuni yatashikwa na mhasibu msaidizi, ambaye amekubali. Kama tarehe hizi zina ugumu, naweza kuanza wiki moja baadaye.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa tarehe 15 Mei.

Wako,
(jina, cheo, namba ya mfanyakazi)

Angalia neno “amekubali”. Kumtaja mwenzako ambaye hujamuuliza ndiko kunakovuruga makabidhiano, kwani mara nyingi naye ameomba wiki hiyohiyo. Salamu ya “habari za asubuhi” tumeiacha makusudi, barua yenyewe huenda ikasomwa jioni.

Tuma wiki tatu au nne mapema kwa likizo ndefu, isipokuwa kanuni za kazini zinataka zaidi. Kama kuna fomu au mfumo wa likizo, jaza huko pia, maana barua pepe peke yake huenda isikate siku kwenye rekodi.

Kimya si kibali. Zikipita siku tatu za kazi bila jibu, kumbusha kwa kujibu barua yako ileile, ili maelezo yote yabaki chini ya macho ya msomaji. Ukikubaliwa kwa mdomo, andika mstari mmoja: “Asante kwa kuridhia likizo yangu ya 8–19 Juni,” na uutunze.

Siku ya mwisho kazini, washa jibu la kujiendesha la barua pepe (ujumbe unaojituma wenyewe kwa kila anayekuandikia) lenye tarehe ya kurudi na anwani ya anayekushikia. Weka pia tarehe ya kulizima, kwa mfano huu Jumapili tarehe 21, la sivyo Jumatatu utakuwa mezani huku wateja wakiambiwa haupo.