Tuupime mto Ruzizi kabla bwawa la tatu halijajengwa

Tukiteremka kando ya mto Ruzizi hadi mji wa Kamanyola, swali tunaloulizwa na wavuvi ni lile lile: je, mabwawa ndiyo yaliyopunguza samaki? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kutazama maji tu. Vinatakiwa vipimo vya kabla ya bwawa na vya baada yake, mahali pale pale, kwa njia ile ile. Tena vinatakiwa vipimo vya mto wa jirani usio na bwawa. Hivi vya pili ndivyo vinavyosahauliwa. Mvua ikikosekana Kivu nzima, samaki watapungua kila mahali, na bwawa litabebeshwa kosa la ukame.

Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa Bukavu na kuteremka karibu mita 700 hadi Tanganyika, mwendo wa takriban kilomita 120. Bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, hapa hapa mjini. La pili lilikamilika mwaka 1989. La tatu, linalotarajiwa kutoa megawati 206 kwa Kongo, Rwanda na Burundi, litakaa chini zaidi. Umeme huo tunauhitaji, sikatai. Ila siku ujenzi utakapoanza, nafasi ya kupima "kabla" itakuwa imekwisha.

Tupime nini? Kwanza mwendo wa maji, saa baada ya saa. Jioni mji ukiwasha taa, mitambo hufunguliwa na maji hupanda. Usiku wa manane hushuka. Mayai ya samaki na mabuu ya wadudu yaliyo kandokando hubaki pakavu. Mtafiti anayefika mara moja kwa mwezi, saa sita mchana, hawezi kuliona jambo hilo hata akirudi miaka kumi.

Pili ni tope na mchanga. Ziwa Kivu lenyewe hutuliza tope, kwa hiyo maji yanayotoka Bukavu yana mchanga kidogo (chupa za plastiki ni habari nyingine, kila anayefanya kazi kwenye bwawa la kwanza anazijua). Mchanga wa Ruzizi huletwa na vijito vinavyoingia huko chini, kutoka milima inayolimwa. Bwawa la tatu litakutana na mzigo ambao la kwanza halikuwahi kuuona, na mzigo huo ndio unaolisha delta, ile ardhi ya mchanga na tope mto unapoingia ziwani, kule Tanganyika. Kupima mtoni peke yake hakutoshi. Lazima tupime kwenye midomo ya vijito.

Marekani walijifunza hayo kwa gharama. Bwawa la Glen Canyon, lililokamilika mwaka 1963, liliunyima mto Colorado mchanga, na fukwe za chini zikaliwa na maji. Mwaka 1996 walifungulia maji mengi kwa siku saba ili kuzijenga upya. Fukwe zilipanda, lakini vipimo vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mchanga ilichotwa kwenye fukwe nyingine. Tangu hapo wakajifunza kungoja kijito cha Paria kilete mchanga mpya kwanza. Bila vipimo, wangesherehekea na kurudia kosa.

Kwetu, wapimaji wa kwanza wawe wavuvi. Daftari moja, kalamu, mizani: aina ya samaki, kilo, idadi ya nyavu, saa za kuvua. Mvuvi aliyepata kilo tano kwa wavu mmoja na yule aliyezipata kwa nyavu kumi hawasimulii mto mmoja. Watafiti wa vituo vya utafiti vya Lwiro na Uvira, pamoja na wenzao wa Rwanda na Burundi, wakubaliane mapema juu ya daftari hilo, kwa sababu samaki hawajui mpaka.

Mvua zinaanza Septemba. Ukiona ukingoni nguzo iliyochorwa sentimita, usiing'oe wala usiifungie mtumbwi. Ukipita asubuhi na jioni, soma namba ambayo maji yamefikia, uiandike pamoja na saa.