Newgrange: jua linaingiaje kaburini?

Wengi wanaofika bonde la mto Boyne, mashariki mwa Ireland, hudhani jua huingia katika kaburi la Newgrange kupitia mlangoni. Sivyo. Tazama juu ya mlango: kuna kidirisha cha mawe. Hicho ndicho kilichojengwa kwa ajili ya jua.

Siri iko sakafuni. Ujia una mita 19, na sakafu yake hupanda polepole kama mita 2 mpaka chumba cha ndani. Mwanga wa mlangoni hugota njiani kwenye mwinuko huo. Wa kidirishani uko usawa mmoja na sakafu ya chumba, kwa hiyo unafika. Siku zile fupi kuliko zote, karibu na 21 Desemba, saa 2:58 asubuhi uzi mwembamba wa nuru hutambaa sakafuni, hupanuka, kisha hurudi nyuma. Dakika 17 tu. Kukiwa na mawingu, huoni kitu. Nafasi za asubuhi hizo hupatikana kwa kura. Siku nyingine kiongozi huzima taa na kuwasha moja inayoigiza jua.

Waliojenga, yapata 3200 KK, hawakuwa na chuma. Paa la chumba, kimo cha mita 6, ni mabamba yaliyopandanishwa bila saruji, kila safu ikichomoza ndani kidogo kupita ya chini yake, hadi jiwe moja likafunika. Linalonishangaza zaidi ni paa la ujia: juu ya mabamba walichonga mifereji ya kupeleka maji pembeni, nyufa wakaziba kwa udongo uliochomwa na mchanga wa baharini. Udongo huo ndio uliotoa umri wa kaburi.

Ukuta mweupe wa mbele usiuamini haraka. Ulisimamishwa upya baada ya uchimbaji wa mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly (1962–1975), na nyuma yake kuna zege. Wapo wataalamu wanaoona mawe yale yalitandazwa chini, mbele ya mlango.

Hadithi nazo zinazungumzia jua. Dagda, mungu wa Ireland ya kale, alilisimamisha miezi tisa, Boann, mungu wa mto huu, akashika mimba na kumzaa Aengus katika siku moja. Alipokua, Aengus aliomba apewe makao haya kwa “mchana na usiku”. Kiireland cha kale, kama Kiswahili, hakikulazimika kusema ni mmoja. Muda wa kuondoka ulipofika, akajibu kwamba dunia nzima huenda kwa mchana na usiku. Hakutoka tena.