Ukiacha kazi, usiandike "sababu binafsi"

Ninashughulika na migogoro ya kazi hapa Dodoma, na barua nyingi za kuacha kazi ninazoletewa zina mstari mmoja tu: "Naacha kazi kwa sababu binafsi." Mwandishi, tuseme, ni mhudumu wa nyumba ya wageni. Anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 4 usiku, na Bunge likikaa hata siku ya kupumzika haipo. Sheria inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Haijawahi kulipwa hata moja. Ubinafsi wa sababu hiyo uko wapi? Kaandika hivyo kwa adabu, asionekane mkorofi, au bosi ndiye aliyemsomea cha kuandika.

Adabu hiyo ina gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na hapo anahesabiwa ameachishwa, si amejiuzulu. Ukishasaini "sababu binafsi", umemwandikia mwajiri utetezi wake. Hata fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, halimhusu aliyejiuzulu.

Mshahara mdogo peke yake hautoshi kushinda. Ukilipwa chini ya kima cha chini cha sekta yako, hilo ni dai linalojitegemea, na unaweza kulifungua ungali kazini. Kwa hali isiyovumilika, mwamuzi atauliza: kabla ya kuondoka ulilalamika kwa nani? Kesi nyingi hufia hapo. Manung'uniko ya jikoni hayana ushahidi. Lakini meseji ya "Shikamoo bosi, naulizia ovataimu ya mwezi wa tatu" ni ushahidi, hata kama haikujibiwa. Hasa kama haikujibiwa. Itunze, na nakala mtumie ndugu, maana simu huibiwa. Halafu barua ya kuondoka iyataje hayo yote kwa tarehe.

Ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Mshahara aliokwisha kuufanyia kazi bado ni wake.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kwa wa siku au wiki, siku 4. Mvua za kwanza zikianguka, wapo wanaopotea kimyakimya kwenda kulima Bahi au Mvumi. Siwalaumu sana, mvua za huku hazingoji mtu. Ila ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako.

Kabla ya kukabidhi barua, angalia michango yako NSSF. Wapo waajiri wanaokata na hawapeleki. Nakala yako ya barua isainiwe na aliyepokea. Dai malipo ya likizo ambayo hukwenda, na cheti cha utumishi.

Wakikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Dai la kuachishwa lina siku 30, madai mengine 60. Zinahesabiwa tangu kazi ilipokoma au haki ilipokataliwa, wala hazisimami kwa sababu bosi kakwambia "njoo mwisho wa mwezi tuyamalize".