"Whelm" lipo, tena ni la zamani

Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu: eti Kiingereza kina "overwhelm" na "underwhelm", ila "whelm" hakuna, kwa hiyo wenyewe walikurupuka tu. Unachekesha, lakini si kweli.

"Whelm" ni kitenzi cha tangu enzi za Kiingereza cha Kati (kile cha takriban miaka ya 1100 hadi 1500), maana yake kupindua au kugubika. Fikiria unavyomfunika kuku kwa tenga, au wimbi linavyoimeza ngalawa: hiyo ndiyo "whelm". "Over" iliongezwa kutia mkazo, ndiyo maana "overwhelmed" ni mtu aliyeelemewa, iwe kwa kazi, huzuni au hata furaha. Tunapotea kwa kuwa "over" tumeizoea kwenye "overload", yaani kupita kiasi, basi tunadhani "whelm" ni kiasi cha wastani. "Underwhelm" nayo ni utani wa karne ya 20, kwa kitu kisichosisimua.

Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza, nenda herufi W, usome asili ya neno. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa upole. Huenda naye aliletewa na shemeji yake.