OpenBSD haijaikataa Wi-Fi ya laptop yako
Wanafunzi wa kompyuta hapa Dodoma wakisakinisha OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, Wi-Fi isiposhika, huamua kwamba mfumo huu ni wa seva tu. Si kweli. Draiva ya kadi nyingi za Intel tayari imo. Kinachokosekana ni programu ndogo ya mtengenezaji inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Leseni yake si huru vya kutosha kuwekwa kwenye diski ya kusakinishia. OpenBSD, iliyoanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, haina mchezo na leseni, na nawaheshimu kwa hilo. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, kisha kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) andika:

ifconfig urndis0 inet autoconf
fw_update

Amri ya pili ikimaliza kupakua programu hiyo ya kadi, washa laptop upya.