Kikoa cha juu kwa maandishi ya Kichina: maana yake na jinsi kinavyoombwa

Kipande cha mwisho cha anwani ya tovuti, kile kinachofuata nukta, kama .com, .tz au .ke, huitwa kikoa cha juu. Kwa miaka mingi kiliandikwa kwa herufi za Kilatini tu. Mwaka 2009 ICANN, shirika lenye makao California linalosimamia orodha kuu ya vikoa duniani, liliruhusu nchi ziombe vikoa kwa maandishi yao. Mwaka 2010 vikaingia vya Misri, Saudia na Imarati kwa Kiarabu, cha Urusi, kisha .中国, yaani Uchina.

Huenda ukajiuliza kuna haja gani, maana Wachina wengi huandika kwenye simu kwa pinyin: unaandika matamshi ya neno kwa herufi za Kilatini, simu inakuletea alama za Kichina uchague. Ni kweli, ila maana yote imo kwenye huko kuchagua. Chukua gongyi. 公益 ni manufaa ya umma, 工艺 ni kazi ya ufundi, na 巩义 ni mji wa mkoani Henan. Anwani inayoishia na gongyi ingemwacha msomaji akibahatisha. Inayoishia na .公益, ambacho ni kikoa kilichopo, haina utata: ni ya taasisi isiyotafuta faida.

Mitambo inayotafuta anwani yenyewe haikubadilishwa. Bado inatumia a hadi z, tarakimu na kistari, basi kivinjari hugeuza .中国 kuwa xn--fiqs8s kimyakimya kabla ya kuituma.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Kichina kina maandishi ya namna mbili: yaliyorahisishwa, yanayotumika Uchina bara na Singapore, na ya asili, yanayotumika Hong Kong na Taiwan. 中国 na 中國 ni neno moja, matamshi mamoja, maana moja. Kwa kompyuta, hata hivyo, ni vitu viwili visivyojuana: cha pili huwa xn--fiqz9s. Kila kimoja kikipewa mmiliki wake, mteja wa benki angeweza kuandika jina sahihi kabisa akajikuta kwa tapeli. Ni nyumba moja yenye milango miwili. Huwezi kumkabidhi jirani mlango mmoja. Ndiyo maana msajili wa Uchina, CNNIC, alipewa .中国 na .中國 kwa pamoja, na Taiwan nayo ikapata .台湾 na .台灣. Kwa maoni yangu, anayependekeza kikoa cha Kichina bila kulitatua hili kwanza hajaanza kazi.

Vikoa visivyo vya nchi viliombwa mwaka 2012, kwa ada ya dola 185,000 kwa kila ombi. Mwombaji hueleza maana ya neno, huonyesha ana uwezo wa kifedha na wa kiufundi, na neno hulinganishwa na vikoa vilivyopo lisije likafanana navyo. Jina la mahali huhitaji ridhaa ya serikali husika, kama .广东 cha mkoa wa Guangdong na .佛山 cha mji wa Foshan. ICANN iliyapa kipaumbele maombi ya maandishi yasiyo ya Kilatini, na kati ya vikoa vinne vya kwanza vilivyowashwa Oktoba 2013, kimoja kilikuwa .游戏, yaani michezo kama ya kompyuta.

Kuwashwa si kukubalika kila mahali. Fomu nyingi za kujisajili mtandaoni zilitengenezwa kwa kudhani barua pepe lazima iishie na herufi za Kilatini. Mwenye anwani ya Kichina huambiwa amekosea kuandika, ilhali hajakosea hata alama moja.