Je, wajua kwa nini lami kuukuu huipunguzia saruji nguvu, na bado huchanganywa nayo?

Lami iliyokwanguliwa barabarani ni kokoto nzuri iliyokwisha kugharimiwa kuchimbwa, kupondwa na kusafirishwa, ila imevikwa bitumini, ile gundi nyeusi ya lami. Saruji hushika jiwe tupu. Jiwe lenye bitumini halishiki sawasawa. Ndiyo maana, saruji ikibaki kiasi kilekile, nguvu ya tabaka la msingi, lile linalolala chini ya lami mpya, hushuka kadiri lami kuukuu inavyozidi.

Wengi hukimbilia kuongeza saruji. Hapo ndipo wanapoharibu. Tabaka lenye saruji nyingi hukakamaa, husinyaa na kupasuka, kisha nyufa hupanda hadi kwenye lami mpya na kuruhusu maji ya mvua yapenye. Bitumini ileile inayolaumiwa hupunguza ukakamavu huo. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa 1999 unataka nguvu ya kuhimili mgandamizo ya MPa (megapaskali) 2 kwa tabaka la saruji la daraja C2 na MPa 1 tu kwa daraja C1. Ukishafikia lengo, ishia hapo.

Mabonge huvunjwa na kuchekechwa kwanza. Kwa kuwa lami iliyokwanguliwa huwa na upungufu wa chembe laini, huongezewa changarawe au kokoto mpya. Nusu kwa nusu ni mahali pazuri pa kuanzia majaribio ya maabara. Saruji mara nyingi huwa asilimia 2 hadi 4 ya uzito mkavu. Tabaka la mm 150 lenye kilo 2,000 kwa mita ya ujazo lina kilo 300 kila mita ya mraba. Asilimia 3 ni kilo 9, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unatosha mita za mraba 5.5 hivi. Panga mifuko kwa mistari ya chokaa, usikisie kwa macho.

Kipimo cha unyevu nacho kina mtego wake. Ukikausha sampuli kwa nyuzi 110 kama udongo wa kawaida, bitumini hulainika na chembe hugandana. Tumia joto la chini, kama nyuzi 60, na uwe na subira. Rundo refu likikaa juani nalo hugandamana, likahitaji kuvunjwa upya.

Maji yakishagusa saruji, maliza kushindilia ndani ya saa 2 hivi. Rola ikichelewa huvunja viungo vilivyokwisha kuanza kushikana, na hakuna idadi ya mapito itakayovirudisha. Bowza la maji lisipokuwepo, ni afadhali kazi isianze, maana tabaka linatakiwa kubaki na unyevu siku 7, au lifunikwe kwa imalshani ya bitumini, yaani bitumini iliyochanganywa na maji. Kulilowesha asubuhi na kuliacha likauke mchana hudhoofisha uso wake.

Kosa jingine ni la dereva wa greda: kujaza mabonde kwa utando mwembamba baada ya rola kupita. Utando huo haushikani na tabaka la chini yake. Kata vilima tu, na mchanganyiko uliokatwa uondolewe kabisa.